Simu yako kati ya joto la Kahe na baridi ya Kibo

Mwezi wa pili, ukiwa Kahe au kwenye mashamba ya miwa ya TPC, tambarare za chini ya Moshi, jua la saa nane mchana linakufanya utafute mwembe wowote ulio karibu. Panda gari uelekee Kibosho juu au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na jioni hiyohiyo utaomba sweta. Ukiendelea kupanda kwa miguu siku nne tano, unafika Kibo, kilele cha mlima, ambapo maji ya kunywa yanaganda ndani ya chupa. Simu mfukoni ni ileile na betri ni ileile, na haina sweta wala mwembe.

Kazi yangu ni mlimani. Nilianza kama mpagazi, sasa ni msaidizi wa mwongoza watalii, na wageni wakiadimika nakaa kwenye banda la binamu yangu, fundi simu hapa Moshi mjini. Kwa hiyo nawaona wagonjwa wa pande zote mbili: simu zinazozimika juu kwa baridi, na zile zinazoletwa bandani zimevimba tumbo. Watu wengi wanaogopa upande usiostahili. Baridi inaizima simu kwa muda, na chaji iliyoonekana kupotea inarudi simu ikipata joto. Joto la mjini linaiua betri kidogo kidogo, bila kelele, na kilicholiwa hakirudi. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa kufuata hilo.

Hatua ya 1: Ijue mipaka ya betri

Apple wanaandika kwamba iPhone itumike hewa ikiwa kati ya nyuzi 0 na 35, na ikiwa imezimwa ihifadhiwe kati ya nyuzi hasi 20 na 45. Simu za kampuni nyingine haziko mbali na hapo, maana karibu zote, kuanzia ya bei ya chini kabisa hadi ya mamilioni, zina betri za ukoo mmoja: lithiamu-ayoni, ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991.

Ndani ya betri hiyo, chembe za lithiamu zinasafiri kutoka upande mmoja kwenda wa pili kupitia kimiminika. Ukitumia simu zinakwenda, ukichaji zinarudi. Kwenye baridi kimiminika kile kinakuwa kizito. Fikiria mafuta ya nazi asubuhi ya mwezi wa saba. Chembe zinapita kwa shida, volti inaporomoka, simu inadhani chaji imekwisha na kujizima. Lakini chembe bado zimo humo ndani.

Kwenye joto mambo ni kinyume, na ndiyo maana joto linadanganya. Chembe zinakimbia vizuri, simu haina shida yoyote, wewe unaendelea kutazama video. Wakati huohuo kemikali za ndani zinaanza kulana: utando unanenepa juu ya grafiti (kaboni inayopokea lithiamu ukichaji), sehemu ya lithiamu inanasa humo isitoke tena, na gesi inaweza kujikusanya. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya mambo kama hayo inakaribia kuwa maradufu.

Kuna makadirio ambayo watu wa betri wanayatumia sana. Betri iliyojaa kabisa ikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 inabakiwa na kama asilimia 80 ya uwezo wake. Ikikaa kwenye nyuzi 40, inabakiwa na kama 65. Ila kwenye nyuzi hizohizo 40, ikihifadhiwa na chaji ya asilimia 40 tu, inabakiwa na kama 85. Soma tena hizo mbili za mwisho. Joto peke yake ni baya. Joto pamoja na betri iliyojaa pomoni ni baya zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta joto linatoka wapi

Simu ikipata moto, usikimbilie kulaumu jua. Iweke mezani kivulini, kioo kimezimwa, dakika kumi na tano. Ikipoa, joto lilitoka nje au kwenye kazi uliyokuwa unaifanya. Ikibaki ya moto hata ukiwa huigusi, kuna kitu ndani kinafanya kazi kwa siri: programu iliyokwama, simu inayopakia picha, au mtandao dhaifu. Huo wa mwisho watu hawaufikirii. Ukiwa bondeni ambako mnara hauonekani, simu inaongeza nguvu ya kutafuta mawasiliano na haipumziki. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya betri, uone ni programu gani imekula chaji kuliko nyingine.

Kwa mjini, waathirika wakubwa wanaokuja bandani ni madereva wa bodaboda. Simu iko kwenye kishikio cha usukani, jua la mchana liko juu yake, ramani imewashwa, bando limewashwa, mwanga wa kioo uko mwisho, na waya wa chaji umetoka kwenye pikipiki. Yote hayo kwa mpigo mmoja, kutwa nzima. Ninachowaambia: chaji simu ukiwa kijiweni kivulini, usichaji ukiwa njiani. Ramani isikilize kwa sauti, sikio moja, simu ikiwa mfuko wa ndani. Ukilazimika kuitazama, ifunike juu kwa kofia ndogo ya kitambaa au kipande cha boksi, inasaidia kuliko unavyodhani. (Na kwa wenye pikipiki kubwa na iPhone: mwaka 2021 Apple walionya kwamba mtetemo wa injini zenye nguvu ukiendelea kwa muda mrefu unaweza kuharibu kamera. Hilo halihusu joto, lakini kishikio ni kilekile.)

Gari nalo. Gari lililofungwa juani, ndani yake joto linapanda haraka kuliko nje, na dashibodi inayopigwa na jua moja kwa moja inaweza kupita nyuzi 60. Hili nalijua kwa hasara. Tulikuwa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tunasubiri wageni ambao ndege yao ilichelewa, nikaacha simu juu ya dashibodi na waya wa chaji umechomekwa, nikaenda kunywa chai. Dereva aliporudi kabla yangu akanipigia kelele, "Kaka, njoo utoe hii chapati yako!" Simu ilikuwa imetoa onyo la joto na kuzima kila kitu. Ilipona siku ile. Lakini tangu hapo haikufika tena jioni bila kuchajiwa, na miezi michache baadaye mgongo ulianza kujitenga na mwili.

Ukiacha simu kwenye gari, iweke chini ya kiti au ndani ya begi, na iwe imezimwa.

Hatua ya 3: Ikishachemka, ipoze pole pole

Chomoa chaji kwanza. Vua kava. Iondoe juani, uifunge kioo, na kama haipokei hata amri, izime. Iweke juu ya kitu kigumu na baridi kama sakafu ya saruji au meza ya vigae, uipulizie feni kama ipo. Hapo imetosha.

Usiitie kwenye friji. Nimeona watu wanaiweka kwenye friza karibu na samaki, wanasema dakika mbili tu. Simu iliyopoa humo ikitoka na kukutana na hewa ya jikoni, unyevu unatonesha ndani, mahali ambapo kitambaa chako hakifiki. Tena vioo na gundi havipendi mabadiliko ya ghafla. Binamu yangu anafungua simu kwa kupasha gundi moto mpaka ilegee. Jua kali likirudia rudia linailegeza vilevile, polepole, na simu iliyouzwa kwa sifa ya kutoingia maji inaanza kuingia maji.

Simu ikikataa kuchaji kwa sababu ya joto, au mwanga ukapungua wenyewe, au tochi ya kamera ikagoma, haijaharibika. Inajilinda. Iache.

Hatua ya 4: Chaji kwa akili

Wakati mzuri wa kuchaji Moshi ni alfajiri au usiku, hewa ikiwa imepoa. Weka simu mahali pagumu na wazi. Chini ya mto au juu ya blanketi joto halina pa kutokea. Kava nene la mpira livue. Chaja ya kasi inatoa joto zaidi, kwa hiyo iache kwa siku una haraka kweli, na usiku tumia ile ya kawaida. Ukichaji, usicheze gemu wala kugawa intaneti kwa wenzako watatu.

Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Uwashe miezi ya joto, Desemba hadi Machi. Asilimia 20 unazoziacha zinakulipa kwa miaka. Simu ya ziada unayoiweka kabatini, iache na nusu ya chaji, usiijaze.

Kwenye umeme wa jua kuna kosa moja la kizembe ambalo hata sisi wa mlimani tunalifanya: kufunga paneli ndogo juu ya begi, halafu simu yenyewe inaning'inia palepale juani ikichaji. Paneli inataka jua, simu inataka kivuli. Nunua waya mrefu.

Hatua ya 5: Jiandae kwa mlima ukiwa bado mjini

Hapa ndipo maswali ya wageni na ya Watanzania wanaopanda kwa mara ya kwanza yanapojaa, na nitakaa hapa kidogo.

Angalia kwanza afya ya betri. Betri iliyochoka inaporomoka kwenye baridi kabla ya nyingine zote. Mwaka 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone za betri zilizozeeka ili zisijizime ghafla, na baridi ilikuwa mojawapo ya sababu walizozitaja. Kama mipangilio inaonyesha uwezo uko chini ya asilimia 80, badilisha betri kabla ya safari, au beba simu nyingine kwa ajili ya kilele.

Pakua ramani na nyimbo zako mjini. Nunua pawa benki ya kuaminika. Ile iliyoandikwa 10,000 mAh usitegemee ikupe zaidi ya theluthi mbili ya namba hiyo ndani ya simu, kwa sababu nguvu nyingine inapotea njiani volti ikibadilishwa, na baridi inakata tena. Kwa siku sita au saba, mtu asiyepiga picha kila jiwe atahitaji kama 20,000. Unaposafiri kwa ndege, pawa benki inakaa kwenye begi la mkononi, haiingii kwenye mzigo unaopakiwa chini.

Halafu pita Kiboriloni kwenye mitumba ununue soksi mbili nene za sufu. Hazitakaa miguuni. Moja ni nyumba ya simu, nyingine ya pawa benki.

Hatua ya 6: Mlimani, siku kwa siku

Kila ukipanda mita 1,000, hewa inapoa kwa nyuzi kama 6. Mwanzoni, ukiwa bado msituni, simu haina tatizo isipokuwa unyevu, hivyo mfuko wa plastiki unaofungika unatosha.

Ukifika kambi ya Horombo kwenye njia ya Marangu, mita 3,720, umeshapita kiwango ambacho Apple wanakitaja kwenye maelezo ya iPhone, mita 3,000. Simu haitalipuka. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo, basi simu inayofanya kazi nzito inapoa taratibu zaidi. Kuanzia hapo mimi naweka hali ya ndegeni, ile tunayoiita flaiti modi, na naifungua mara moja jioni. Ndiyo, mwaka 2022 TTCL, shirika la simu la taifa, walifikisha intaneti Horombo na watu wanapiga simu za video kutoka pale, lakini ukiwa njiani kati ya kambi, simu inayotafuta mnara inakula chaji kuliko kamera.

Usiku, simu na pawa benki zinalala nawe ndani ya begi la kulalia, kwenye soksi zao, karibu na tumbo. Wengi wanalala na chupa ya maji ya moto miguuni. Isiguse simu: joto lake ni kubwa mno, na kifuniko kikilegea umemaliza safari bila picha.

Usiku wa kilele tunaondoka kambi ya Kibo au ya Barafu karibu saa sita usiku. Huko juu joto linashuka chini ya sifuri, nyuzi hasi 10 si ajabu, na kuna usiku baridi inazidi hapo. Fuata mpangilio huu:

Chaji simu ijae jioni, kabla ya kulala, ikiwa ndani ya hema na ina joto la mwili. Mlimani ile kanuni ya asilimia 80 isahau.

Izime kabisa. Hali ya ndegeni haitoshi kwa saa sita za baridi.

Ivalishe soksi, uiweke mfuko wa nguo ya ndani, chini ya sweta na jaketi. Mfuko wa nje wa jaketi ni friji. Mfuko wa begi ni friza. Mrija wa maji, kama unao, usipite karibu nayo.

Vile vifuko vidogo vya kupasha mikono wageni wanavyokuja navyo vinafaa, ila kiwepo kitambaa kati yake na simu, maana ukikigandamiza moja kwa moja utaihamisha simu kutoka tatizo moja hadi jingine.

Upepo pia unahusika, ingawa si kwa namna watu wanavyosema. Hauwezi kuishusha simu chini ya joto la hewa yenyewe. Unachofanya ni kuifikisha pale haraka. Kwa hiyo ukifika Stella au Gilman's, ukingoni mwa kreta, jua linachomoza, geuzia upepo mgongo, washa simu, piga picha zako tatu, irudishe kifuani. Halafu uitoe tena Uhuru, kileleni kabisa. Niliwahi kuwa na mgeni aliyetembea na simu mkononi tangu Stella akirekodi video, akaniambia bado ana asilimia 40. Kwenye ubao wa Uhuru ilikuwa giza tupu. Picha yake ya mita 5,895 ilipigwa kwa simu yangu, ya bei ndogo kuliko kava lake.

Kioo cha kugusa hakisikii glavu za kawaida. Tumia kitufe cha sauti kupigia picha.

Hatua ya 7: Ikizimika kwa baridi

Usiichomeke kwenye pawa benki papo hapo. Kati ya yote niliyoandika, hili ndilo kosa pekee la baridi linaloiachia betri madhara ya kudumu. Betri iliyo chini ya sifuri ikilazimishwa kuchaji, lithiamu haiingii ndani ya grafiti inavyotakiwa. Inaganda juu yake kama chuma, haitoki, na inaweza kuleta hitilafu ya ndani baadaye. Simu nyingi zinakataa zenyewe, lakini usiipe mtihani simu ya bei chee.

Iweke kwapani au tumboni dakika 20 au 30. Iwashe. Mara nyingi utakuta ile chaji uliyodhani imepotea ipo. Ndipo uchaji.

Ukirudi kwenye hema au kibanda chenye watu wengi na mvuke wa chai, usiitoe ghafla. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ikiwa bado nje, ingia nayo ndani, ifikie joto la humo ndipo uifungue. Matone yatatua juu ya plastiki. Kama ilishalowa, izime, ifute, iache penye hewa. Kuizika kwenye mchele kunaingiza unga kwenye tundu la chaji, na binamu yangu ndiye anayelipwa kuutoa.

Hatua ya 8: Mkishashuka, ikague tumbo

Mnatoka lango la Mweka na matope, mnaingia kwenye gari lenye joto, kila mtu anagombania waya wa chaji. Simu hiyo saa thelathini zilizopita ilikuwa kwenye barafu. Ipe nafasi mpaka jioni hotelini.

Kisha fanya kipimo hiki, na ukifanye kila mwisho wa kiangazi hata kama hujawahi kupanda mlima. Vua kava, laza simu chali juu ya meza ya kioo au kigae kilichonyooka, kamera iliyochomoza ikae nje ya ukingo wa meza. Bonyeza kona kwa kidole uone kama inabembea, kisha izungushe. Chungulia pia ukingo wa kioo kama umeinuka au unatoa mwanga pembeni. Ikizunguka kama pia, betri imevimba. Usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa gesi, usiichaji tena hata kwa ajili ya kuhamisha picha usiku mmoja. Izime, iweke kwenye sufuria kuukuu mbali na godoro na mapazia, na asubuhi ipeleke kwa fundi ukiwa umeishika mkononi, isiwe kwenye mfuko wa nyuma wa suruali ambao utaukalia kwenye daladala.